Mtaalamu wa Vilele na Magoti ya Mama Mkwe

Kule gazetini walimwita Bwana Vilele, na jina hilo alilipata kihalali kabisa, kwa kuandika. Kila mwaka mvua zikikatika na ardhi ikianza kuchipua, yeye ndiye aliyewaambia wasomaji wapande milima gani ili waone maua ya porini na mandhari ya kumsahaulisha mtu kodi ya nyumba. Makala yake ilichukua ukurasa mzima, rangi tupu, na juu kabisa palikuwa na picha yake amevaa kofia ya turubai, amekunja uso kama mtu anayetazama mbali. Alichokuwa akikitazama siku ile ni feni ya ofisini iliyokuwa inataka kuanguka.

Mlima wenyewe hakuwahi kuupanda hata mmoja. Tusimwonee, ngazi za ofisini alizipanda kila asubuhi, na akifika juu alisimama kwenye korido akijifanya anasoma matangazo ukutani mpaka pumzi imrudie. Lakini mlima hasa, ule wa mawe na miiba, aliujua kwa macho tu, tena kupitia dirisha la basi.

Sasa aliandikaje? Hapo ndipo penye ufundi. Kazi aliirithi kwa mwandishi aliyestaafu, pamoja na meza, kiti kilichochoka na majina ya njia kumi za milimani. Kanuni ya dawati ilikuwa nyepesi. Kila mwaka kila njia inapanda nafasi moja, ile iliyokuwa ya kwanza inaangushwa mkiani, na sifa zote zinabadilishwa nguo. Mandhari iliyokuwa ya kuvutia mwaka huu, mwakani inakuwa ya kusisimua, mwaka unaofuata inakuwa isiyosahaulika, halafu inapumzishwa na kurudi tena kuvutia. Mhariri hakuona ubaya wowote. Milima haihami, alikuwa akisema, sasa sisi tuhangaike kwa lipi?

Mwaka mmoja njia moja ilizibwa na maporomoko ya udongo, serikali ikaifunga, dawati likabaki na njia tisa. Tisa haikubaliki. Hakuna gazeti duniani lililowahi kusifu njia tisa. Mtambo wa kuchapa ulikuwa unasubiri, mhariri anapita nyuma ya viti akikohoa kile kikohozi chake cha haraka, na Bwana Vilele akaumba njia ya kumi papo hapo bila kunyanyuka. Akaiita Mgongo wa Ngamia. Akaitandazia maua ya zambarau mlima mzima, akaitilia upepo mwororo, akaweka na mabonde matatu yanayoonekana kwa mpigo ukiwa kileleni. Maelekezo nayo aliyatoa, asije akaonekana mchoyo: pita machimbo ya kokoto, kata kushoto, fuata njia. Na kwa kuwa safu ilibakiza nafasi ya mstari mmoja na nusu, akaijaza kwa kusema kwamba njia yenyewe ni nyepesi, hata bibi mwenye fimbo ataimaliza akiimba.

Picha haikuwa shida. Mpiga picha alishuka chini, akalala kifudifudi mbele ya bustani ya benki ya jirani huku mlinzi akimwangalia kwa wasiwasi, akayapiga maua ya benki kwa karibu mno. Nyuma yake, kwa ukungu, ulitokea mlima wa buluu wa kupendeza sana. Lilikuwa rundo la kifusi lililofunikwa turubai.

Baada ya hapo kanuni ikajifanyia kazi yake. Kila mwaka Mgongo wa Ngamia ulipanda nafasi moja, bila kusukumwa, bila kusaidiwa, mpaka mwaka huu ukashika namba moja. Katika dawati lile zima, ndio pekee uliowahi kupanda kitu chochote.

Mambo yangeishia hapo kama si mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, mjane, akiishi peke yake katika nyumba aliyoijenga kwa kushona sare za shule za nusu ya mji. Alikuwa mtu wa kuchukua neno kama lilivyotamkwa. Mteja akimwambia atakuja Jumatano, yeye Jumanne nguo imeshapigwa pasi, na mteja asipotokea anamwulizia kwa majirani akidhani amepatwa na msiba. Watoto wake wa kiume walikuwa watu wazito, wa kwanza mkandarasi na wa pili daktari wa meno, na wote wawili walimwona shemeji yao kama mtu anayelipwa mshahara kwa kupiga porojo. Mama ndiye aliyekuwa akiwakata kauli. Huyu amefika mahali ambapo ninyi na magari yenu hamtafika, aliwaambia. Makala zake zote alizikata kwa mkasi wa kitambaa na kuzihifadhi kwenye kopo la biskuti, na wageni walionyeshwa hata kama hawakuomba.

Bwana Vilele alijua kwamba heshima ile hakuistahili, lakini alikuwa anaila kila siku na alishaizoea ladha yake. Hapakuwa na mtu mwingine aliyemheshimu kiasi hicho. Mke wake alimpenda, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Sasa mama akaja kuwatembelea, na mkoba wake mdogo, na jioni ile ile wakiwa mezani akaeleza kilichomleta. Miezi michache nyuma aliteleza bafuni. Hakuvunjika kitu, ila wanawe walipata habari, wakakutana bila yeye, wakaamua kwamba umri umeshamtupa mkono na hawezi tena kuishi peke yake. Ahamie kwa mkandarasi, kwenye chumba cha nyuma ya jiko, na nyumba yake ipangishwe. Mama alibishana nao kwa simu mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akawapa sharti.

"Nimewaambia, sibishani tena," alisema, huku akimtazama mkwe wake kwa uso uliojaa imani. "Nitaupanda mlima wa mwanangu huyu, ule wa namba moja. Yeye si ameandika mwenyewe, hata bibi mwenye fimbo anafika akiimba? Nikifika, waniache na nyumba yangu. Nikishindwa, nafunga mizigo naenda kwenye hicho chumba, na hawatasikia neno langu."

Mke wake, ambaye alikuwa muuguzi na alikuwa na akili timamu katika mambo yote mengine, alipiga makofi. Akasema afadhali iwe hivyo, kwani mtaalamu wanaye ndani ya nyumba.

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Bwana Vilele alipaona kabisa, kama mtu anavyoona kituo anachotakiwa kushuka. Akafungua mdomo. Lakini mama mkwe alikuwa bado anamtazama kwa yale macho ya kopo la biskuti, na kilichotoka mdomoni kilikuwa, "Hakuna tatizo, mama. Mlima mwepesi sana ule."

Wiki ile aliishi kwa visingizio. Alisema majira haya huko juu kuna nyuki wengi kwa sababu ya maua, na kesho yake akamkuta mama ameshona kofia mbili zenye wavu, yake na ya mkwe. Alisema mawe yanateleza, mama akapeleka viatu kwa fundi vikawekwe soli mpya. Alianza kuchechemea kidogo akitoka kazini, mke wake akamkandamiza goti kwa vidole vya kiuguzi na kutangaza kwamba halina ugonjwa wowote isipokuwa uvivu.

Yalipomfika shingoni, alikwenda kwa mhariri, akafunga mlango, akamweleza ukweli na kuomba wachapishe masahihisho madogo, hata kwenye kona ya chini. Mhariri alimsikiliza kwa upole, kisha akamwuliza kama kuna msomaji yeyote aliyelalamika. Hakukuwepo. Basi tunamsahihisha nani, aliuliza mhariri, na akafungua kompyuta kumwonyesha ujumbe wa wasomaji. Ulikuwa mwingi, na wote wa shukrani. Kuna aliyesema maua ya Mgongo wa Ngamia yalimtoa machozi. Kuna bwana na bibi harusi waliovishana pete pale pale katikati ya zambarau. Mwalimu mmoja aliwapeleka wanafunzi, wakarudi wameipenda sayansi.

Bwana Vilele alitoka mle ofisini amepauka. Kwa miaka yote alidhani uongo ni fani yake, kumbe wasomaji nao walikuwa wamejifunza kazi.

Jumamosi ikafika. Mke wake alikuwa na zamu hospitalini, kwa hiyo gari lilibaki na wawili, mtaalamu kwenye usukani na mama pembeni yake, makala mapajani, miwani puani. Mpango wake ulikuwa rahisi. Angetafuta kilima chochote, kidogo kuliko vyote, kile ambacho hata ng'ombe anakipanda kwa bahati mbaya, aseme ndicho chenyewe. Mama angefika juu, angeimba, nyumba yake ingesalimika, na yeye angebaki na heshima yake. Wote wangeshinda. Aliurudia mpango huo kichwani mpaka ukaanza kumvutia kama wema.

Hakujua kuwa mama angekuwa anamsomea maelekezo.

"Pita machimbo ya kokoto," mama alisoma. Na kweli, baada ya kutoka mjini, kulikuwa na machimbo ya kokoto, maana mji gani hauna. "Kata kushoto." Akakata kushoto, akiomba barabara iishie kwenye shamba la mtu. Badala yake wakatokea kwenye uwanja uliojaa magari, na mbele ya uwanja palisimama bango kubwa: KARIBU MGONGO WA NGAMIA, NJIA NAMBA MOJA.

Bwana Vilele alipigwa na butwaa, mikono ikabaki kwenye usukani. Nyuma ya bango kulikuwa na mlima. Haukuwa mkubwa sana wala haukufanana na ngamia wala mnyama yeyote, lakini ulikuwa mlima, umesimama wima, kipara, na watu wenye nguo za rangi rangi wakiukwea kwa mstari.

Mama akibaki kwenye gari anafunga kamba za viatu, yeye alikwenda kwenye meza ya tiketi. Pale alikaa kijana mwenye filimbi shingoni, kiongozi wa njia, ambaye alikuwa anaikariri makala ile kwa wageni neno kwa neno, mpaka na koma zake. Bwana Vilele aliinama akamwuliza kwa sauti ya chini mlima huu umeanza lini kuitwa hivyo.

"Hata sisi hatukuwa na habari," kijana alisema, akichana tiketi. "Watu wa mjini walikuwa wanakuja na gazeti mkononi, wanauliza Mgongo wa Ngamia uko wapi. Tukawaambia hakuna mlima wa jina hilo. Wakatutukana, wakasema tunauficha. Tukaona isiwe shida, tukawapa ule uliokuwa karibu na barabara."

"Na maua?"

"Maua mmeyakosa kwa wiki moja tu, mzee. Kila anayekuja tunamwambia hivyo, na wengi wao wakifika juu wanayaona hivyo hivyo."

Wakaanza kupanda. Njia ilikuwa ya kokoto zinazoteleza, miiba huku na huku, na vumbi la machimboni lilikuwa limetulia juu ya kila jani. Mama alianza kuimba mara tu walipopita bango, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Aliimba wimbo wa zamani aliokuwa akiuimba cherehanini, mguu wake wa kulia ukitafuta kanyagio ambalo halikuwepo. Bwana Vilele alikuja nyuma yake akihema kwa mdomo, kofia ya wavu imemkaa upande.

Waliokuwa wanashuka walikuwa na nyuso zilizolowa jasho na magoti yaliyochubuka. Mama alimsimamisha kila mmoja kumwuliza kama maua ni mazuri, na kila mmoja alijibu kwamba ni ya ajabu, mama, hujawahi kuona, we panda tu. Hapakuwa na aliyekuwa tayari kuwa mtu wa kwanza kulipa kiingilio, kuchanika suruali, na kukiri kwamba hajaona kitu. Kwenye kona moja walimkuta dada mmoja amelala kifudifudi, anapiga picha ya gugu moja lililokauka, simu imeligusa kabisa. Bwana Vilele aliutambua ufundi ule na akageuza uso.

Kosa jingine lilikuwa la mama. Alishindwa kujizuia. Kundi la wapandaji lilipowapita, aliwaambia kwa fahari kwamba huyu mnayemwona hapa ndiye aliyeandika. Ghafla wakamzunguka. Wakapiga naye picha, yeye akiwa ameshika kiuno na kutabasamu bila hewa. Bwana mmoja mwenye fimbo mbili za kupandia alimwonyesha kichaka chenye vumbi na kuuliza kitaalamu kinaitwaje. Bwana Vilele akakitazama, akakipa jina pale pale, refu, lenye mwisho wa kigeni. Yule bwana akaliandika kwenye simu yake na kuwafundisha wenzake jinsi ya kulitamka.

Walipoachwa peke yao, wimbo wa mama ulikuwa umeshuka kuwa mvumo wa puani. Halafu mvumo nao ukakatika. Bwana Vilele alisikia kokoto tu na pumzi za watu wawili. Mbele yao njia ilipinda na kuwa kali zaidi, watu wakipanda kwa kushika mizizi. Mama aliinua mguu mara moja, akaurudisha. Akaujaribu mwingine. Akatafuta jiwe, akakaa, akavua ile kofia aliyoishona, akaifuta vumbi taratibu.

"Tupumzike kidogo, mama," alisema Bwana Vilele.

Mama alipumzika. Akasimama tena, akapiga hatua moja na nusu, goti likamkataa. Safari hii alikaa kwa namna nyingine, kama mtu aliyefika nyumbani kwake na kukuta pamefungwa.

"Mwanangu, chukua simu," alisema. "Mpigie kaka yenu mkubwa. Mwambie mama amekubali."

"Mama, subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Bibi mwenye fimbo anafika akiimba. Mimi hata fimbo sijaanza kushika, na nimeshindwa nusu ya njia. Basi nimeisha, ni vile tu hakuna aliyeniambia. Afadhali umenileta nikajionea."

Alisema hivyo bila machozi, kwa sauti ya mtu anayekubali vipimo vya nguo, na hiyo ndiyo iliyomchoma Bwana Vilele. Simu alikuwa ameishika. Jina la shemeji mkandarasi lilikuwa pale kwenye kioo, lilibaki kuguswa tu. Na tuseme ukweli, kwa muda mfupi alilitazama jina lile kwa matumaini. Chumba cha nyuma ya jiko hakikuwa kibaya, kilikuwa na dirisha. Mama angetunzwa. Angehama na kopo lake la biskuti, na makala zote zingeendelea kuwa za kweli milele. Hakuna mtu ambaye angejua kwamba nyumba ya mjane imechukuliwa na mstari mmoja na nusu wa kujazia safu.

Mama alikuwa ameanza kuyapapasa magoti yake, polepole, kama anayaomba msamaha.

Bwana Vilele akaiweka simu mfukoni, akakaa chini kwenye kokoto, mbele yake.

"Mama, hakuna bibi," alisema.

"Bibi yupi?"

"Yule mwenye fimbo. Hakuna. Na huu mlima siujui, nimeuona leo kama wewe. Niliutunga nikiwa nimekaa ofisini kwa sababu tulipungukiwa njia moja. Yale maua ya kwenye picha ni ya benki. Magoti yako hayana kosa. Hapa hapandi bibi yeyote, mimi mwenyewe nakufa."

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, akanyoosha mkono, akamfuta vumbi shavuni.

"Una moyo mzuri," alisema. "Unataka kujiharibia jina ili mimi nisione aibu. Wanangu wa kuzaa wasingefanya hivyo. Piga simu, baba."

Bwana Vilele alihisi ardhi ingemmeza angeshukuru. Aliapa, mama akatikisa kichwa kwa huruma. Alizidi kueleza, kanuni ya dawati, kifusi na turubai, na kadiri alivyoeleza ndivyo mama alivyozidi kumpenda. Miaka yote alidanganya na kuaminiwa bila jasho. Sasa kweli yenyewe ilikuwa haimwingii mama hata kwa kuisukuma.

Mume na mke waliovaa fulana za kufanana walikuwa wanashuka. Bwana Vilele akanyanyuka akawazuia kwa mikono miwili.

"Mama, waulize maua ni ya rangi gani," alisema. "Waulize tu."

Mama akawauliza, kwa adabu.

"Zambarau," alisema mume.

"Manjano," alisema mke, kwa wakati ule ule.

Wakatazamana. Mume akasema labda ni zambarau yenye umanjano kwa mbali. Mke akasema inategemea jua linapigia wapi. Kisha wote wawili wakakumbuka kwamba wameacha kitu kwenye gari, wakashuka kwa haraka isiyofaa kwa kokoto zile.

Mama mkwe aliwafuata kwa macho mpaka walipopotea kwenye kona. Akaugeuza uso, akautazama mlima kuanzia chini hadi kileleni, polepole, jinsi alivyokuwa akikagua kitambaa kabla ya kukikata. Halafu akamtazama mkwe wake. Akavaa kofia yake, akanyoosha mkono avutwe, na wakaanza kushuka.

Walishuka kwa shida, wameshikana, na haikuwa rahisi kujua nani anamsaidia nani. Chini, kijana mwenye filimbi aliwapokea mbele ya foleni ya wageni wapya, akamwuliza mama kwa sauti ya biashara ameyaonaje maua.

"Hakuna hata ua moja," mama alijibu, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye magari.

Watu wa foleni wakageuza vichwa. Kisha dada mmoja akamwambia mwenzake kwa upole kwamba maskini, ni macho ya uzee, na foleni ikasogea mbele.

Ndani ya gari mama alifunga mkanda, akavua miwani, akaiweka kwenye mkoba. Ile makala aliikunja mara mbili na kuiacha kwenye dashibodi, kama karatasi ya mtu mwingine. Akachukua simu yake, akampigia mwanawe mkubwa na kumwambia kwamba lile sharti limekufa kwa kuwa mlima ulikuwa wa uongo, hivyo Jumatatu anarudi kwake, na mwenye neno amfuate huko huko. Mkandarasi alisikika akiuliza uongo wa nani. Mama akakata simu bila kujibu, na Bwana Vilele akajua kwamba ile ndiyo mara ya mwisho anakingiwa kifua.

Walipita machimbo. Wakapita maghala, wakaingia barabara kubwa. Mama alikuwa anatazama mbele.

"Kilele cha Ukungu," alisema ghafla. Hiyo ilikuwa njia ya namba mbili. "Kule ulifika?"

"Sikufika, mama."

"Bonde la Vipepeo?"

"Sikufika."

"Jabali Jeupe? Uliandika ulilala pale juu, ukaamka ukiwa juu ya mawingu. Niliwasomea majirani."

"Hapana, mama."

Alizitaja zote, moja baada ya nyingine, bila kukosea jina, na kwa kila moja alisubiri jibu. Hakugomba. Bwana Vilele alitamani agombe. Walipofika karibu na nyumbani, majina yakawa yamekwisha, na yeye akavuta pumzi akidhani maswali yamekwisha pia.

"Na siku ile sebuleni kwangu," mama alisema, "ulipokuja kumwomba binti yangu. Ukasema bila yeye huna maisha. Baba zake wadogo walikuwa wanakutilia shaka, mimi ndiye niliyesimama nikasema nimemwamini. Lile nalo?"

"Lile lilikuwa kweli, mama."

Na lilikuwa kweli. Hajawahi kusema neno la kweli kuliko lile, wala hatasema. Alitaka kumwambia hivyo, kwa namna ambayo angeamini. Akatafuta maneno, na yalikuja, mengi, mazuri, kwa mpangilio mzuri, na kila moja alishawahi kulitumia kuusifia mlima asioujua. Akayaacha.

Mama mkwe alisubiri kidogo, pengine ataongeza kitu. Alipoona haongezi, aligeukia dirishani, akauliza binti yake anatoka zamu saa ngapi.